Mashine Ndiyo Iliyozeeka

4 Februari

Baba,

Nakusalimu nikiwa nimempakata mjukuu wako. Anaota meno, hataki kulala, hataki kukaa chini, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni yeye anaivuta kalamu. Sisi tu wazima. Baba yake yuko safarini na lori, atarudi akirudi.

Nimekupigia simu. Unapokea, unauliza kama nimekula, unakata. Basi nimerudi kwenye barua, kama ulivyonizoesha nilipokuwa shule ya bweni.

Kaka amenieleza habari za duka. Anasema zile ofisi za ardhi zilizo mbele yako hazitaki tena karatasi, kila kitu kinatumwa kwa mtandao. Watu wanakuja kuchapisha maombi yao, wanakuta kompyuta yenye kichogo na ile printa ya utepe inayolia kama mashine ya kusaga, wanageuka wanakwenda kwa kijana wa kona. Anasema mambo yakiendelea hivi ufunge duka, uhamie kwake, chumba cha nyuma kipo. Nimemwambia akuache. Nimemwambia baba yetu Bwana Chapa ana akili zake na mikono yake, tatizo si yeye. Mashine ndiyo iliyozeeka.

Kwa hiyo nakuomba ukubali kompyuta mpya. Nitaileta mimi, usijali itatoka wapi. Najua utasema mambo ya kisasa ni mbwembwe. Mimi pia, walipotuletea mfumo mpya wa kompyuta zahanati, wiki ya kwanza nilijifungia chooni nikalia. Lakini leo mama akija na mtoto ana homa, kadi imepotea, naandika jina lake tu na historia yote inakuja. Zamani ningepekua mafaili yaliyotafunwa na panya huku mtoto anatetemeka. Siwezi kusema kitu hicho ni kibaya, Baba, hata nikikupenda namna gani.

Nijibu.

Binti yako


19 Februari

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Barua yako imefika, nimeisoma, nimecheka pale kwenye meno. Wewe ulipoota meno ulikuwa unatafuna kidole changu gumba mpaka nashindwa kuchapa. Mwambie mjukuu wangu asikubali kunyamazishwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Kompyuta yangu nikiiwasha inaniuliza jambo moja tu, niandike nini. Hizo zenu ukiziwasha zinataka kujua wewe ni nani, neno lako la siri ni lipi, umelisahau, basi ulizaliwa lini, unakubali masharti. Hata polisi hawana maswali hayo. Unakubali, unaanza kuzoea, halafu siku moja unaamka zimejibadilisha sura. Kilichokuwa kushoto kimehamia kulia. Mtu akiingia nyumbani kwako akahamisha viti bila kukuambia, asubuhi ukajikwaa ukaanguka, utamshukuru kwa maendeleo? Kwangu kila kitu kiko pale nilipokiacha. Vitufe vyangu vina kina, kidole kikifika kinajua kimefika. Ninyi mnapapasa kioo kama mtu anayembembeleza paka.

Na kazi zenu mnaziweka huko mnakokuita wingu. Mtu mzima, ana hati ya kiwanja, anaiweka kwenye wingu. Mimi za wateja wangu ziko kabatini, kwenye diski, na kabati lina kufuli.

Huyo kijana wa kona anapokea karatasi, anachapa kimya, anakosea majina ya watu. Kwangu mteja anasoma mwenyewe kwa sauti anachotaka kusema, mimi nachapa. Nikitoa karatasi anaisoma tena kwa sauti kabla hajaondoka. Ndiyo sheria ya duka hili, asiyeitaka mlango uko wazi. esyrks esmhi esmsmokis na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Kaka yako alipita hapa. Siku hizi akiingia huwa anazungukazunguka chumba kama dalali. Namsikia anavyopiga ukuta kwa vidole.

Kompyuta mpya usilete. Fedha hiyo mnunulie mtoto viatu.

Baba yako,
Bwana Chapa


2 Machi

Baba,

Nimeisoma barua yako kwa baba watoto, lori lake limerudi, akacheka mpaka akatoka nje. Lakini mimi sikucheka sana. Tazama mwenyewe barua uliyoniandikia. Pale kwenye wateja wako umeandika esyrks esmhi. Ni lugha gani hiyo? Mashine inakutupia takataka katikati ya sentensi wewe hata huoni. Na hicho ndicho chombo unachokisifia. Je, ingekuwa ni hati ya mtu?

Sheria yako ya kusoma kwa sauti naikumbuka tangu nikiwa mdogo, ila siku hizo ilikuwa kwa wasiojua kuandika. Sasa umeifanya ya kila mtu. Kaka anasema wateja wanaona haya kutangaza mambo ya mashamba yao mbele ya foleni. Nadhani ni ufahari tu, Baba. Naomba unisamehe kwa kusema hivyo, lakini ni nani mwingine atakuambia?

Na kabati lako nalo. Nilipokuja likizo baada ya kumzika Mama, ulifungua diski moja ikawa imeota ukungu kama mkate. Wosia wa mtu ulikuwa humo. Kufuli lilikuwa zima, ukungu haukuhitaji ufunguo. Sikatai kwamba mfumo wetu nao hugoma. Juzi uligoma asubuhi nzima, kina mama wamejaa kwenye mabenchi, na sisi tumekaa mbele ya vioo kama watu wanaosubiri msiba uanze. Lakini uliporudi hakuna kilichopotea.

Mjukuu wako nimeanza kumwachisha ziwa. Nimelala kwa jirani, nikamwachia shangazi yake. Alilia, nikamsikia kupitia ukutani, nami nikalia, lakini sikwenda. Ningekwenda tungeanza upya. Sasa anakunywa uji kama mtu mzima na amesahau.

Kaka ananiandama. Anasema mwisho wa mwezi ujao atakuja kukuchukua, duka alipangishe. Nimeweza kumzuia kwa neno moja tu, kwamba utabadilisha mashine. Sasa nijibu ndiyo au hapana, nijue nasimama wapi.

Binti yako anayekupenda na aliyechoka


11 Aprili

Kaka,

Nilimwuliza Baba swali moja, ndiyo au hapana. Jibu limekuja. Amenitumia kurasa tatu nyeupe. Ndiyo, Kaka, nyeupe, zimekunjwa vizuri, zimewekwa kwenye bahasha, stempu juu. Nimezigeuza huku na huku. Ndani hata jina langu hakuandika. Nilipozipapasa zilikuwa na vipele vidogo, nikadhani ameniwekea karatasi za bei rahisi kabisa, maana hata karatasi nzuri sistahili.

Katika maisha yangu yote Baba hajawahi kuninyima neno. Alikuwa ananigombeza kwa barua, ananichekesha kwa barua, Mama alipofariki aliniandikia barua. Leo ananipa ukimya kwa makusudi kwa sababu nimeigusa kompyuta yake. Karatasi nimempa mtoto achorechore. Niliona nikizitazama tena nitapasuka.

Sitamjibu. Umeniambia siku nyingi kwamba nambembeleza mno, basi nakubali. Laptopu nimeituma kwa lori la shemeji yako, itakufikia Alhamisi. Mwalike Baba kwako wikiendi ili awe nje ya duka, fundi aifunge. Na ile ya zamani iondoeni kabisa, na printa yake, na kibodi. Usimwachie hata waya, ukimwachia atairudia, ndivyo nilivyojifunza kwa mtoto. Atanuna kwa muda, halafu atazoea.

Lakini kumbuka tulivyokubaliana. Nafanya hivi ili abaki dukani kwake. Chumba cha nyuma usikitaje tena.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Kazi imekwisha. Laptopu ni nzuri, nyembamba, inafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Fundi ameunganisha mtandao na printa ndogo ya kisasa isiyotoa hata mlio. Kwa kweli chumba kimepata hewa.

Jumatatu nilimrudisha Mzee mwenyewe. Hakufoka kama ulivyoogopa. Alisimama mlangoni akauliza kwa nini chumba kinasikika kikubwa. Akaenda mezani, akapapasa mahali kibodi yake ilipokuwa, akagusa hiyo mpya, akaondoa mkono. Akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikamwambia yeye ndiye aliyetuma. Akakaa chini.

Naona amekubali.

Kaka yako


9 Mei

Mwanangu,

Maneno haya ni yangu, mkono ni wa jirani yangu fundi cherehani. Kwenye hiyo mashine yenu sijaandika hata mstari.

Sikuandikii kukugombeza. Nakuandikia ujue kwamba jibu lako nimelipata. Mimi nilikaa nikakuandikia kurasa tatu, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na mwisho wake nikakuomba jambo moja tu: usimruhusu kaka yako anitoe hapa. Nilikuambia kabisa kwamba wewe ndiye niliyebaki naye. Nikangoja. Nikawa nasikiliza pikipiki ya posta. Haikuja barua, akaja kaka yako na boksi, akaniambia dada ndiye aliyetuma.

Ungeandika hapana, ningeelewa. Wewe ni mama wa mtoto mdogo, una nyumba na kazi, huwezi kubeba kila mtu. Lakini nilikulea kwa maneno, ukanijibu kwa boksi.

Duka nimelifunga kwa sasa. Mbusu mtoto.

Baba yako


Dada,

Hayo ya juu ni yake. Haya ni yangu. Yeye anadhani nafunga bahasha. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili, tulionana siku ya msiba wa mama yako, niliwashonea kina mama sare.

Baba yako haoni. Sisemi anaona kidogo, haoni. Alianza kwa ukungu, akanyamaza, sasa ni giza tu. Hospitali alikwenda peke yake, wakamwambia amechelewa. Barua zako zote mimi ndiye niliyekuwa namsomea, hata ile ya kumwambia ni ufahari. Pale nilisita, akasema soma. Kwenye ile mashine alikuwa anapiga kwa mazoea, vidole vinajua njia. Wateja wakimsomea anachapa, wakimsomea tena anajua kama amekosea. Hakuna aliyetambua. Alisema watoto wakijua watamweka chumba cha nyuma kama gunia.

Zile kurasa tatu aliziandika mchana mmoja amefunga mlango, hakutaka hata mimi nizisikie. Anwani ya bahasha nilimwandikia mimi, akapeleka posta. Kesho yake mteja akamwambia mzee, karatasi inatoka nyeupe, utepe umekatika. Akanijia hapa, akaniuliza kama nadhani barua ya binti yake ilitoka na maandishi. Nikamwambia ilitoka, utepe umekatika leo. Nilimdanganya asisononeke. Nikajua kama ilifika tupu utauliza. Mbona hukuuliza?

Fundi


17 Mei

Kaka,

Nimekupigia tangu jana hupokei, ndiyo maana naandika, na barua hii naikabidhi kwa dereva mkononi.

Baba ni kipofu. Soma tena nilichoandika. Esyrks esmhi haikuwa mashine, ilikuwa mikono yake imekaa kitufe kimoja pembeni. Sheria ya kusoma kwa sauti ilikuwa macho yake. Karatasi nyeupe hakuzituma kwa hasira, utepe ulikatika hakuona. Kila alichokosea nikasema ni mashine, na mashine ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia. Sisi wawili tumemnyang'anya, tukamwekea kioo laini kisicho na mahali pa kushika.

Vile vipele kwenye karatasi ni sindano za printa, Kaka. Maneno yalikuwemo. Ningeyapaka penseli tu yangetokea. Nimezitafuta. Mtoto alizichora, akazilowesha uji, nikazitupa mwenyewe kwenye pipa.

Iko wapi ile kompyuta? Irudishe, na kibodi, na printa. Utepe nitautafuta mimi hata kama ni nchi nyingine.

Mdogo wako


26 Mei

Mdogo wangu,

Pole kwa mshtuko. Mimi pia nimeumia, usidhani ni wewe peke yako.

Mashine haipo. Uliniambia iondoeni kabisa, nikawaita wanunuzi wa vyuma chakavu, wakaivunja pale pale uani kutoa shaba. Kibodi waliitupa kwenye mzigo. Nilifuata ulivyosema.

Baada ya kusoma barua yako sikuona sababu ya kubishana tena. Mtu haoni, anapika peke yake kwa jiko la mafuta, mnataka nini kitokee? Nimemhamishia kwangu Jumamosi. Chumba cha nyuma kina dirisha na choo kiko karibu. Duka nimelipangisha kwa kijana wa kona, alikuwa analitaka siku nyingi. Yule fundi cherehani alikuja kupiga kelele getini, nikamwomba asirudi, anamtia Mzee maneno.

Simu yake ameikataa kabisa, hata sauti yako hataki kusikia kwa sasa. Wewe andika tu kama mlivyozoea, barua zako nitamsomea mimi.

Kaka yako


3 Juni

Baba,

Najua sauti unayoisikia ni ya Kaka. Kaka, nakuomba usome kama nilivyoandika, usiruke, hata pale panapokuhusu.

Baba, zile kurasa tatu zilifika nyeupe. Utepe ulikuwa umekatika siku uliyoandika. Sikusoma neno hata moja. Jirani alikuambia zilitoka na maandishi kwa sababu alikuonea huruma, usimkasirikie. Mimi nilidhani umenitumia ukimya, nikakasirika, nikanyamaza nami. Uliniomba nisimruhusu Kaka akutoe, na mimi sikujua umeniomba. Ningejua, ningekuja na mtoto mgongoni nikasimama mlangoni kwako.

Ila la mashine ni langu, simsingizii mtu. Niliagiza iondolewe, na nikasema isiachwe hata waya. Nilikufanyia kama mtoto anayeachishwa ziwa, na wewe si mtoto. Kaka naye alivunjavunja kitu chako bila kukuuliza, akapangisha chumba chako bila kukuuliza. Kaka, hapo pia soma.

Sasa nisikilize. Nimemwuliza fundi wa mfumo wetu zahanati. Laptopu ile ile uliyoletewa inaweza kusema. Inawekwa programu, unachomeka kibodi yenye vitufe vya kweli, vyenye kina kama unavyotaka wewe, na kila herufi unayobonyeza inaitamka. Ukimaliza inakusomea ukurasa wote. Nimeijaribu nikiwa nimefumba macho. Kiswahili chake ni kibovu, inasoma kama mgeni aliyeshuka jana, utaitukana sana. Lakini inasoma. Ingekuwepo siku ile, ingekuambia karatasi za binti yako zina nini, na ungeweza kuniandikia tena bila kumtegemea mtu. Ulisema kweli kuhusu viti vilivyohamishwa, na mimi nilisema kweli kuhusu kitu kipya. Hatukuambiana tu.

Nimeomba likizo. Tarehe ishirini nakuja. Ukitaka kurudi kwenye chumba chako, kijana wa kona atatoka, nitazungumza naye mimi, na fundi cherehani amesema atakuwa jirani yako kama zamani. Ukitaka kuja kwangu, njoo. Ukitaka kubaki kwa Kaka, baki, lakini liwe neno lako wewe. Neno hilo nataka ulitamke, Kaka aliandike kama ulivyolitamka.

Baba, sikukujibu kwa boksi. Sikuwa nimepata swali.

Binti yako


14 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza, nikamshukuru Mungu kwamba nilifanya hivyo.

Mzee ametulia. Anakula, analala, redio iko karibu yake. Ukimwambia leo kwamba barua aliyoimwagia moyo ilifika tupu, unataka ajione vipi? Na hao wateja wote, aanze kujiuliza ni wangapi walikuwa wanamcheka? Na hiyo mashine inayosema umpe tamaa, kisha ishindikane? Sikuona faida. Likizo yako itunze, mtoto ni mdogo na safari ni ndefu.

Lakini usidhani nimemficha kwamba umeandika. Aliisikia bahasha nikiifungua. Akakaa kitako kitandani, akavaa shati lake vizuri, akafunga vifungo vyote, akaniambia soma.

Nikamwambia unamsalimu sana, na mtoto ameota meno yote.

Akaniuliza, "Ni hayo tu?"

Nikamwambia ni hayo tu.

Kaka yako